Dakika Saba Bila Maneno

Ukumbi wa chama cha wasioona ulikuwa na viti thelathini, na vyote vilielekea ukutani. Zamani palikuwa na skrini pale, enzi za wafadhili kuja kupiga picha. Wafadhili walipoadimika skrini ikaondolewa, na hakuna hata mmoja aliyeilalamikia. Lakini jaribu kugeuza kiti kimoja tu, utakiona cha mtema kuni. Filamu hutazamwa mbele, walisema. Bibi mmoja mkongwe alifika kila Ijumaa saa nzima kabla ya wenzake ili asinyang'anywe kiti cha mstari wa kwanza, na ukimuuliza sababu alikujibu kwa ukali kwamba kule nyuma haoni vizuri.

Aliyewawezesha kuona alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne aliyekaa kwenye kibanda nyuma ya ukumbi, chumba kilichokuwa stoo ya mafagio, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Ndani mlikuwa na runinga ndogo, maikrofoni, taa ya mezani, na kiti kilicholalamika kila ulipojigeuza, kwa hiyo hakujigeuza. Filamu ikicheza, wao walisikia mazungumzo, muziki na vishindo, na yeye alijaza mapengo: nani kaingia, nani katabasamu, barua imefichwa wapi. Walimwita Macho. Jina lake halisi lilikuwa kwenye barua ya ajira, na pengine hapo tu.

Kazi ile ina sheria moja ngumu kuliko zote: sema kinachoonekana, usiseme unachohisi. Ukisema mwanamke ana huzuni, umewaibia wasikilizaji. Sema ameshika kikombe kitupu tangu asubuhi, halafu waache wahuzunike wenyewe. Na useme upesi, kwa sababu mtu wa kwenye filamu akifungua mdomo wewe unafunga wako, hata kama nyumba iliyo nyuma yake inaungua.

Ubaya wake ni kwamba sheria hiyo ilimfuata nyumbani. Mume wake alikwenda kufanya kazi nchi ya mbali akaoa huko, na habari hizo alizileta kwa barua ya adabu kabisa, yenye salamu kwa wote wa nyumbani, kana kwamba nyumbani kulikuwa na wote. Watoto hawakujaliwa. Basi jioni Macho alijikuta akinong'ona peke yake: mwanamke anafungua mlango, anaweka mfuko mezani, anatoa sahani moja. Akijisikia alijikaripia, na baada ya dakika kumi alianza tena. Upweke una namna nyingi za kumgeuza mtu kichekesho, na hiyo ilikuwa ya kwake.

Filamu ya ghala ililetwa na katibu wa chama, mwanamama mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Watu wa umri fulani hawakuhitaji kuelezwa. Miaka arobaini na tisa nyuma, wakati wa vita, askari waliingia mji wa reli wakawafungia watu katika ghala la pamba, kisha wakawatoa kwa makundi kupitia ujia mrefu kuelekea uwanja wa nyuma, na waliopita ujiani hawakurudi. Sasa kulikuwa na filamu, na magazeti yalikuwa yameshikana mashati. Wengine walisema damu imezidi, watazamaji wanatapika ukumbini. Wengine walisema bora watapike. Kilichogombaniwa zaidi ni dakika saba za ujiani. Kulikuwa na mwandishi mmoja aliyetaka zikatwe zote, ubaki mlango ukifungwa na kelele kwa mbali, inatosha, watu wazima wataelewa.

"Sisi wengine tuna presha," alisema bibi wa kiti cha mbele, siku wanachama walipojadili kama waisikilize.

"Kila mtu ana presha, bibi," katibu alimjibu. "Wenye macho wanaitazama. Kwa nini sisi tuchaguliwe cha kusikia kama watoto wa chekechea?"

"Tofauti ipo," alisema mkandaji, mtu mnene aliyekuwa akikanda migongo ya nusu ya mji. "Mwenye macho likimshinda anafumba. Mimi sikio nitalifumba na nini?"

"Na vidole," alisema katibu.

"Vidole nikizibia masikio, wewe nani atakukanda mgongo?"

Wakacheka. Kwenye kona hakucheka mzee mmoja, msafi, wa miaka sitini na mmoja, shati limefungwa vifungo vyote mpaka kooni. Huyo walimwita Opereta. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa ameketi kwenye ubao wa simu wa kampuni moja ya bima, akiwaunganisha watu waliotaka kuzungumza na watu wasiotaka kuzungumza nao. Alizijua sauti za mji mzima. Habari zake mwenyewe hakuna aliyezijua, kwa maana alikuwa hodari wa kuongea saa nzima asikuachie hata punje.

Kura zilipigwa kwa kunyanyua mikono, na katibu akapita akiihesabu kwa kuigusa mmoja mmoja. Opereta alinyanyua wa kwake wa mwisho. Ulikuwa umelowa jasho, katibu alisema baadaye. Filamu ikapita kwa kura mbili.

Jumanne na Jumatano Macho alijifungia kibandani kuandaa maelezo. Kwa kawaida kazi yake ni ya kubana, unaiba sekunde mbili hapa, tatu pale. Safari hii alipewa dakika saba nzima, maana kule ujiani hakuna anayesema neno. Kuna vilio, kuna filimbi, kuna viatu, na kuna mlio mmoja mkavu unaojirudia mara ishirini na mbili. Aliuhesabu kwa kuwa ilibidi kila mmoja auandikie sekunde yake.

Watu waliokuwa wakitolewa ghalani walikuwa wameshikana mikono, mume na mke, mama na mwana. Askari hawakutaka washikane. Basi walipita kwenye mstari, na kila mikono miwili ilipokutana walipiga kwa kitako cha bunduki, wakapiga tena, mpaka mfupa ukakubali na vidole vikafunguka. Kamera haikugeuka pembeni hata mara moja. Kisha wanaume walisukumwa uwanjani, na wanawake wakaburutwa hadi ukuta wa nyuma, mbali, na kule ndiko walikomalizwa.

Alirudisha nyuma mara kumi na moja. Si kwa kupenda. Ukikosea sekunde mbili sauti yako inaangukia juu ya kilio cha mtu, na katika kazi ile huo ni utovu wa adabu. Kufikia mara ya sita alikuwa ameacha kulia na ameanza kuandika vizuri, na hilo ndilo lililomtisha.

Jioni alitaka kumwambia mtu. Alishika simu akapitia majina. Dada yake mkubwa angemuuliza kwa nini asitafute kazi ya heshima. Jirani angetaka kujua mwigizaji mkuu ameoa au bado. Namba ya mume ilikuwamo bado, kwa uzembe tu. Mwanamke anairudisha simu mezani, alinong'ona, na hakujikaripia.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Kupitia kioo kidogo cha kibanda aliviona visogo thelathini, kile cha bibi kikiwa na kitambaa kipya. Mbele yake zilikuwa kurasa nne, kila pigo na sekunde yake. Dakika saba zilipoanza, ulimi wake ukagoma.

"Askari wanapita kwenye mstari," alisema. "Wanawatenganisha watu."

Akanyamaza. Mlio mkavu ukasikika, wa kwanza, wa tano, wa kumi.

"Wanaendelea kuwatenganisha," akasema, na ikawa basi. Kurasa nne zikabaki mezani kama zilivyo.

Mwenyewe aliita huruma. Mimi naita woga, ingawa ni kweli mimi sikuwa kibandani.

Walipokuwa wakitoka, bibi alimshika begani akamwambia, "Umetusitiri, mwanangu, Mungu akuzidishie." Mkandaji alipita kimya, na kimya hakikuwa desturi yake. Opereta alingoja mpaka fimbo ya mwisho ilipomaliza kushuka ngazi, ndipo akagonga mlango wa kibanda.

"Umeruka," alisema.

"Nimeruka nini, mzee?"

"Usinifanye mtoto, Macho. Ule mlio. Mara ishirini na mbili. Ulikuwa nini?"

"Kuni," alisema Macho, na mpaka leo hajui neno hilo lilitoka wapi. "Kuna mtu alikuwa anavunja kuni."

"Nimeunganisha simu miaka thelathini na miwili, mwanangu. Mtu akitaka kudanganya namjua anapovuta pumzi, kabla hajafungua mdomo. Nipe kiti."

Kiti kilikuwa kimoja. Akampa, yeye akasimama akiegemea trei za mayai, mashavu yakimwaka kwa aibu.

"Nilikuwa kwenye ule ujia," alisema Opereta, kwa sauti ileile ya kumwomba mtu asubiri kidogo kwenye simu.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, kipofu tangu surua ya utotoni. Dada yake wa miaka kumi na sita ndiye aliyekuwa akimwongoza kila mahali, shuleni, dukani, kisimani. Walipotolewa ghalani dada alimshika mkono wa kushoto akamwambia, usiuachie hata iweje. Halafu ukaja msukumano na makelele, akaangushwa, na aliponyanyuka mkono haupo. Akaita. Badala ya dada akaja askari, akampungia kitu usoni, akacheka, akamwambia mwenzake: huyu haoni, atatoa ushahidi gani? Wakamsukumia mtaroni wakamwacha. Ndiyo sababu yu hai. Alionekana si shahidi wa kumhofia.

"Waliokuja kuzika waliniambia walimkuta kwenye ukuta wa nyuma," alisema. "Mbali, hatua mia na ushei kutoka nilipokuwa. Mmoja akasema, masikini, lazima alijaribu kukimbia." Opereta alinyoosha shati ambalo halikuwa na mkunjo. "Basi nikajua. Aliachia mkono akakimbia. Simlaumu. Alikuwa msichana mdogo, nani asingekimbia? Hivyo ndivyo ninavyojiambia, simlaumu. Lakini jina lake sijalitamka tangu siku ile. Pale kwenye mnara wa majina ya waliouawa kila familia imepeleka watu wake, mimi sijapeleka. Kila mwaka wanatangaza redioni, mwenye jina alete. Nazima redio."

Macho alitafuta la kusema, na yote aliyoyapata yalikuwa ya kwenye mazishi.

"Filamu hii wameitengeneza kwa kuuliza watu," Opereta aliendelea. "Hao wanajua. Nataka nijue pale ujiani watu waliachana vipi. Nieleze kwa sekunde, kama unavyofanya siku zote. Na usinihurumie, nimehurumiwa vya kutosha."

Macho akarudisha filamu nyuma. Akachukua kurasa nne akasoma, safari hii bila kuruka neno. Mama na mwana wameshikana. Askari ananyanyua bunduki, kitako kinatua kwenye kifundo cha mkono wa mama. Kinatua tena. Kidole gumba kinafunguka, kisha vingine. Mwanamume na mwanamke, wazee. Askari mwingine anakanyaga kwanza, kisha anapiga. Sauti yake ilikuwa kavu na thabiti, sauti ya kazi, huku machozi yakimdondokea kwenye karatasi na wino ukivimba. Opereta alisikiliza mdomo wazi kidogo. Kwenye pigo la tisa alinyoosha kiganja, simama.

"Kuna anayeachia mwenyewe?"

Macho alitazama tena, toka mwanzo, kwa uangalifu, kwa maana hilo hakuwa ameliandika. "Hakuna," alisema. "Hakuna hata mmoja."

"Wote wanavunjwa."

"Wote, mzee."

"Halafu wanawake?"

"Wanaburutwa hadi ukuta wa nyuma."

Opereta alifunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kutikisika. Macho, aliyekuwa akilipwa kusoma nyuso, hakujua kama mzee analia au anacheka. Vilikuwa vyote viwili.

"Hakuniachia," alisema. "Unasikia? Walimvunja! Walimvunja, hakuniachia!"

Alilisema kama mtu anayetangaza harusi. Ukitaka kujua Macho alijisikiaje, alijisikia mwema kupita alivyowahi kujisikia, na alijisikia mgonjwa.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa nzuri. Siyo neno lililozoeleka kwake, lakini ndilo. Kila jioni saa moja simu ililia, na sauti ikasema kwa madaha ya kikazi, "Mstari uko wazi, ongea," na wakaongea. Opereta alikuwa na miaka arobaini na tisa ya habari za dada yake, zimefungwa kama nguo sandukuni, na alizitoa moja moja. Dada alijua kupiga mluzi kwa vidole. Dada aliiba sukari na kumsingizia yeye, kwa hoja kwamba kipofu hachapwi sana. Njiani alimsimulia kila walichokipita, na mengine alitia chumvi, mpaka akaja kugundua ukubwani kwamba yule ng'ombe wa kijani hakuwepo. Macho alicheka peke yake jikoni, chakula kikipoa. Aliacha kunong'ona. Hakuamua kuacha, siku moja aliona tu kwamba hafanyi tena.

Jumanne ya wiki ya pili walikwenda pamoja kwenye ofisi ya mnara wa majina. Karani, kijana aliyekuwa akitafuna kalamu, aliuliza jina kamili la marehemu. Opereta alilitaja. Lilimtoka likiwa na kutu, ikabidi alirudie, na mara ya pili lilitoka vizuri.

"Uhusiano?"

"Dada yangu. Aliyenishika mkono."

"Naandika dada," alisema karani.

Wiki ya tatu katibu akamwalika mwongozaji wa filamu aje kuzungumza na wanachama. Kila mtu alimtarajia bwana mwenye tumbo na miwani ya jua. Akaja kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, amevaa viatu vya raba, akafika nusu saa kabla. Aliomba akione kibanda. Akagusa trei za mayai kwa heshima, kama mtu aliyeingia kanisani.

"Kwa hiyo wewe, dada, ndiye unayeyasema ninayoyaonyesha," alisema.

"Siku nyingine nayaruka," alisema Macho. "Yako niliyaruka mara ya kwanza. Ulilazimika kukaa pale dakika saba zote?"

"Wote wananiuliza hivyo." Hakukasirika, alionekana kuwa ameshachoka kukasirika. "Watu wameshazoea idadi, dada. Waambie mia nne walikufa, watakuuliza chai iko wapi. Waonyeshe kifundo kimoja cha mkono kikivunjika, nao wakiwa hawawezi kufanya lolote, hawatasahau. Mimi sitaki wasahau. Wakitapika, watapike."

Macho alifikiri juu ya mzee kwenye kiti kimoja cha kibanda, akaona kijana ana haki, akataka kumwambia hivyo. Ndipo akauliza, bila shaka yoyote moyoni, kwa hamu tu ya kuwa na cha kumwambia Opereta saa moja jioni, "Na hiyo ya mikono, nani alikusimulia?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Niliwahoji watu sitini na watatu. Waliobaki ghalani, waliojificha uwanjani, waliokuja kuzika. Wa ujiani sikumpata, maana hakuna aliyetoka. Pale katikati nikabaki na shimo. Nikabuni." Alisema kwa fahari kidogo, ya fundi anayeonyesha kiungo kisichoonekana. Kisha akaona uso wa Macho umebadilika. "Vipi, dada? Nimekosea?"

"Yupo aliyetoka," alisema Macho, na kabla hajaongeza neno fimbo ikasikika kwenye ngazi, ikipanda haraka kuliko inavyoruhusiwa kwa mtu wa miaka sitini na mmoja.

"Mgeni wetu yuko wapi?" Opereta aliuliza akiwa bado mlangoni. Macho akasogea kumpisha. Mwongozaji akatoa mkono akamgusa, na mzee akaupokea kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilikuwa kwenye ujia ule. Nilikuwa na dada yangu. Kwa ajili yako nimempata tena, na nimekuja kukushukuru mbele ya watu, lakini nimeona nianze huku faragha. Niambie kitu kimoja. Nani alikusimulia ile ya mikono?"

Uso wa kijana ulipauka. Akamtazama Macho, na Macho, bila kufikiri, akatikisa kichwa kwa nguvu: usimwambie. Chumbani mle wenye kuona walikuwa wawili tu, kwa hiyo ilikuwa rahisi mno.

"Kuna... kuna shahidi mmoja," alisema mwongozaji.

"Wa ujiani?"

"Ndiyo, mzee."

"Mwanamke?" Mzee alisubiri, na ukimya akauchukua kuwa jibu. "Mwanamke. Yu hai! Alikuwa karibu na nani kwenye mstari? Hapana, usijibu, utakosea. Nipe namba yake, nitamwuliza mwenyewe. Pengine alimsikia dada yangu. Pengine dada alisema kitu, aliniita, na mimi kwa makelele yale sikumsikia. Nitauliza hilo tu, halafu nimwache apumzike."

Mkono wa kijana alikuwa bado ameushika. Macho aliona jinsi itakavyokuwa. Kutakuwa na namba isiyopatikana, halafu mama amehama, halafu mama amefariki, na mzee atabisha hodi kila mlango wa mji wa reli akisikiliza sauti za vikongwe mpaka kaburini. Aliona na upande wa pili: akisema ukweli, dada wa mzee anaondoka tena, safari hii kwa mkono wake yeye Macho. Na simu ya saa moja inaondoka naye. Sitamsitiri: simu ndiyo aliyoifikiria kwanza, ndipo akamfikiria mzee. Ilimuuma kifuani kama jino.

Kisha akavuta pumzi, na Opereta akageuza kichwa upande wake, kwa kuwa pumzi hiyo aliijua.

"Mwongozaji ananitazama," alisema Macho, kwa sauti yake ya kazi. "Mimi nimesimama mlangoni. Ulipomwuliza, nilimtikisia kichwa asikwambie. Sasa ameinamisha uso. Hakuna shahidi, mzee. Ile ya mikono ameibuni."

Huko ukumbini wanachama walikuwa wameanza kufika, na mkandaji alikuwa akimtania bibi kuhusu kiti chake. Opereta alilegeza vidole akaurudisha mkono wa kijana kwa mwenyewe, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Uliibuni peke yako?" aliuliza hatimaye, bila hasira yoyote.

"Peke yangu, mzee. Nisamehe. Kama ningejua kwamba..."

"Sikulaumu, nauliza. Kwa nini hukubuni wakaachiana wenyewe? Mtu akiogopa anaachia anakimbia. Ni rahisi zaidi kuigiza. Isingemtapisha mtu, magazeti yasingekutukana."

Kijana alifikiri, na ni lazima tumpe haki yake, alifikiri kweli, hakutafuta jibu la kumfurahisha.

"Haikunijia," alisema. "Nimekaa na ujia ule miezi minane, mzee. Nimebuni mambo mabaya mengi, mengine nimeona aibu nikayatupa. Lakini mtu kuuachia mkono wa mwenzake, hilo halikunijia hata mara moja."

Opereta aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi.

"Dada yangu humjui hata sauti," alisema. "Mimi ni ndugu yake, nilikuwa nimemshika, na hilo ndilo la kwanza lililonijia."

Akaomba kiti. Macho akamsogezea kile kimoja, naye akaketi, akawaomba watoke wote wawili na wafunge mlango.